Bunduki Iliyoruhusiwa

Mwishoni mwa mwaka 1871, usiku wa manane, msafara wa wapagazi na walinzi ulitoka kijijini kimyakimya ukaingia porini. Nchi ilikuwa Buha, ile tunayoijua leo kwa majina ya Kasulu, Kibondo, Buhigwe na Kakonko. Wote walionywa wasitoe sauti. Mwanamke mmoja aliposhindwa kujizuia akaanza kupiga mayowe, alizibwa mdomo ili wenyeji wasisikie. Aliyeongoza msafara huo ni Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliyekuwa njiani kwenda Ujiji kumtafuta David Livingstone. Alichokuwa akikikimbia usiku ule ni ushuru.

Jina la ushuru huo lilikuwa hongo. Siku hizi neno limechafuka, linasemwa kwa kunong'ona nje ya ofisi. Zamani zile lilikuwa ada halali, iliyodaiwa mchana kweupe na mwenye nchi kwa mgeni anayepita. Njia ya kawaida ya kutoka Tabora ilikuwa imefungwa na vita vya mtawala Mirambo na Waarabu, ndiyo maana Stanley akazunguka na kuangukia mikononi mwa Waha. Mkuu mmoja aliyeitwa Mionvu alitaka doti 100 za nguo, wakapatana 75. Kabla jasho halijakauka, ndugu wa mfalme naye akadai zake, akapewa 26. Kisha Stanley akaambiwa kwamba mbele kuna wakuu wengine, na kila mmoja anangoja fungu lake.

Stanley alikuwa na silaha ambazo wachache sana katika bara hili walikuwa nazo wakati ule. Alikuwa na Winchester ya risasi kumi na sita, Henry ya namna hiyohiyo, bunduki fupi za kujazwa kwa nyuma na bunduki nzito ya tembo. Kwa walinzi wake alinunua Zanzibar magumegume 24. Alifikiria kupigana, akauliza watu wake. Bombay, mzee wa njia aliyekwisha kutembea na Burton na Speke, hakuliunga mkono wazo hilo. Nchi ni wazi, alieleza, hakuna pa kujificha, na vijiji vyote vitainuka. Heri kulipa. Stanley akalipa, na alipochoka kulipa akatoroka gizani. Bunduki bora za wakati ule zilipita Buha zimefungwa midomo, na wenye nchi walijulikana zaidi kwa mikuki na pinde.

Naanza na kisa hiki kwa sababu nataka kuzungumzia swali linaloonekana kuwa la mbali sana na Kasulu: je, katika mashindano ya jadi ya kulenga shabaha, inafaa kuruhusu bunduki yenye darubini? Ni swali linalowagawa watu wa heshima, marafiki wa miaka mingi, katika viwanja vya Uingereza, Kanada na Marekani. Kwetu halijagawa mtu, maana mashindano ya namna hiyo hatuna. Lakini swali lililo chini yake, la nani anaamua bunduki ipi ni ya jadi na ipi ni mpya mno, Buha imelijua kwa uchungu kuliko viwanja hivyo vyote.

Kwanza tulitazame gumegume lenyewe. Linajazwa kwa mdomo: baruti inatangulia, inafuata risasi ya duara pamoja na kitambaa, na vyote vinashindiliwa kwa mdeki. Kwa nyuma kuna jiwe gumu lililobanwa kwenye mtambo. Ukivuta, jiwe linagonga chuma, cheche zinaangukia baruti kidogo iliyo kwenye kisahani, na moto unapenya tundu jembamba hadi ndani ya mtutu. Kati ya kuvuta na kulipuka kuna kitambo, kifupi kama kupepesa jicho, lakini mkono ukicheza ndani ya kitambo hicho shabaha imekwenda. Tena ndani ya mtutu ni laini. Risasi ni ndogo kidogo kuliko njia yake, kwa hiyo inatoka ikigongagonga kuta, na inakoelekea inategemea ukuta gani iliugusa mwisho. Zaidi ya hatua mia hivi, mpigaji hodari na mpigaji mbovu wanakaribiana sana. Halafu kuna mvua. Buha inanyeshewa kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, na baruti iliyoloa haiwaki. Mpiga upinde angeweza kufyatua mishale kadhaa wakati mwenye gumegume anashindilia mara moja.

Pamoja na udhaifu huo, magumegume yalienea katika njia zote za Tabora na Ujiji, yakibadilishwa kwa pembe na kwa watu. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yakihamia silaha mpya, na ya zamani yalitupwa huku kwa bei ya kutupa. Sauti yake ilitisha, moshi wake ulitisha, na kumiliki moja kulikuwa cheo. Rugaruga, wapiganaji wa Mirambo, walijengewa jina kwa bunduki hizo. Mfanyabiashara Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kama Rumaliza, alizitumia akiwa Ujiji kutawala pwani ya ziwa na kuijaribu Burundi ya mfalme Mwezi Gisabo, akashindwa. Falme za Waha, Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, Buyungu kaskazini zaidi, zilikaa kando kidogo ya mkondo huo, zikiangalia.

Wakati magumegume yanamwagwa Afrika, Uingereza ilikuwa imeanza mchezo mpya. Tarehe 2 Julai 1860, katika uwanja wa Wimbledon, Malkia Victoria alifungua mashindano ya kwanza ya National Rifle Association, chama kilichoundwa mwaka uliotangulia ili raia wajifunze kulenga. Aliipiga risasi ya kwanza yeye mwenyewe, kwa umbali wa yadi 400, karibu mita 365, na ikatua karibu kabisa na katikati. Bunduki ilikuwa ya Joseph Whitworth, ambayo ndani ya mtutu wake palichongwa pembe sita zilizojisokota, ili risasi itoke ikizunguka kama pia. Risasi inayozunguka haiyumbi. Hiyo ndiyo siri ya mtutu wenye mifereji, na ndiyo iliyoyatenga magumegume ya mtutu laini na bunduki za kisasa.

Jambo moja katika kisa hicho limenikaa moyoni. Malkia hakulenga. Bunduki iliwekwa juu ya kiegemeo cha chuma, ikaelekezwa na fundi mwenyewe, na yeye akavuta kamba ya hariri. Risasi iliyofungua jadi ya mashindano hayo ilipigwa kwa chombo cha kisasa kabisa, kikiwa kimeshikwa na mtambo. Anayesema leo kwamba jadi ni mkono na jicho tupu angefaa kuikumbuka siku hiyo.

Na jicho lenyewe lina historia yake. Bunduki ya kawaida ina vitu viwili vya kulengea: kipengee chenye mfuo kwa nyuma na ujiti mdogo kwa mbele. Mpigaji anatakiwa aviweke viwili hivyo na shabaha katika mstari mmoja. Taabu ni kwamba vitu hivyo vitatu viko umbali tofauti, kimoja shubiri chache kutoka usoni, kingine mwisho wa mtutu, cha tatu huko ng'ambo, na jicho la binadamu haliwezi kuviona vyote kwa ukali mmoja. Lazima kimoja kiwe wazi na vingine viwe na ukungu. Jicho la kijana huhama kutoka kimoja hadi kingine haraka hata mwenyewe hajui kwamba anafanya hivyo. Mtu akivuka miaka arobaini, lenzi ya jicho huwa imekakamaa. Ndipo tunapomwona baba anasogeza gazeti mbali hadi mkono unamwishia. Mpigaji wa umri huo hajapoteza utulivu wake wala pumzi yake wala akili ya kuusoma upepo. Amepoteza ule ujiti wa mbele, umekuwa kivuli.

Watu wa Bisley, ambako mashindano ya Wimbledon yalihamia mwaka 1890, walipunguza taabu hiyo kwa kitundu kidogo cha kuchungulia badala ya mfuo. Kitundu husaidia kwa sababu ileile inayomfanya mtu mwenye macho mabovu akunje ngumi na kuchungulia katikati ya vidole: mwanga unaopita mahali pembamba huleta picha kali zaidi. Lakini darubini inaimaliza taabu yenyewe. Ndani yake alama ya kulengea na shabaha vinaonekana kama viko mahali pamoja, na shabaha imesogezwa karibu. Kwa hiyo kuiruhusu au kuikataza ni kuamua ni kipaji gani kinapimwa.

Sasa turudi nyumbani, mwaka huohuo 1890. Tarehe 1 Julai Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana Afrika Mashariki, na Buha ikawa ya Mjerumani kwenye karatasi kabla Mjerumani hajaonekana huko. Kesho yake, tarehe 2 Julai, mjini Brussels, mataifa yalitia saini Mkataba wa kupinga biashara ya watumwa. Ni miaka 30 kamili, siku kwa siku, tangu malkia avute kamba yake ya hariri Wimbledon.

Mkataba wa Brussels ulikuwa na vifungu kuhusu silaha. Katika eneo kubwa la Afrika, tangu nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi 22 kusini, ulizuia kuingiza bunduki, hasa zenye mifereji na zile zilizoboreshwa. Silaha zote ziwekwe katika ghala za serikali. Kitu pekee ambacho serikali ingeweza kukitoa ghalani kiuzwe kwa watu, tena mahali inapopenda, ni gumegume lisilo na mifereji na baruti ya kawaida, ile duni ya biashara. Bunduki iliyoboreshwa angeweza kuipata aliyetoa dhamana kwamba haitatoka mikononi mwake, na msafiri mwenye cheti cha serikali yake. Watu wa namna ya Stanley, kwa ufupi.

Sitasema sababu iliyotolewa ilikuwa ya uongo. Bunduki kweli zilikuwa zikikamata watu, na anayeijua njia ya Ujiji ya miaka ile hawezi kulikana hilo kwa ajili ya kupendezesha historia. Lakini tazama kipimo kilichochaguliwa. Wenye kalamu walikwenda hadi ndani ya mtutu, wakaupapasa, wakasema: ulio laini ni wa Mwafrika, wenye mifereji si wake. Hakuna Mha, wala Mnyamwezi, wala Mmanyema aliyekaa katika chumba hicho. Bunduki ambayo Ulaya iliiona imepitwa na wakati ikageuzwa kwa sheria kuwa bunduki ya watu hawa.

Wajerumani walifika Ujiji kuweka boma mwaka 1896, wakapanda polepole kwenye milima ya Buha. Mstari unaofanana na ule wa Brussels, kati ya silaha ya zamani na mpya, ukaonekana hata ndani ya jeshi lao. Vita vya 1914 vilipoanza, askari wengi weusi wa jeshi hilo, Schutztruppe, walikuwa bado wanabeba bunduki ya mwaka 1871 inayotumia baruti nyeusi, ambayo kila ikilia hutoa wingu la moshi na kumwonyesha adui mpigaji alipo. Wenzao wenye bunduki mpya walipiga bila moshi. Mamia ya askari hao walijifunza kulenga, kuvuta, na kuhama mahali kabla moshi haujawasaliti. Huo nao ni ustadi wa kulenga, ingawa hakuna uwanja uliowahi kuutolea kikombe.

Wabelgiji wakaichukua Kigoma mwishoni mwa Julai 1916, wakakaa na nchi hii hadi 1921 walipoikabidhi kwa Waingereza. Bwana mpya hakubadili msingi: silaha ni kwa leseni, leseni ni kwa hiari ya serikali. Kisha kuanzia miaka ya 1930 likaja jambo lililoigeuza Buha yote, malale. Serikali iliwahamisha watu wa Kibondo na Kasulu kutoka makazi yao yaliyotawanyika ikawakusanya katika vijiji vilivyofyekwa ili kuwaepusha na ndorobo. Nyuma yao pori likarudi mashambani, na wanyama wakarudi na pori. Mtu aliyepanda mihogo na mahindi pembezoni mwa kijiji alijikuta jirani na nyani na nguruwe.

Hapo ndipo gobore lilipojipatia makazi ya kudumu. Naliita gobore sasa, maana ndilo jina lililobaki midomoni: bunduki yoyote ya kushindilia kwa mdomo, iwe ilitoka Ulaya zamani au ilitengenezwa chini ya mwembe na fundi chuma. Nchi hii haikuwa ngeni kwa chuma. Majembe yalifuliwa na kuuzwa katika pande hizi kabla ya mzungu wa kwanza. Mkono uliojua jembe ulijifunza mtambo. Bomba la chuma likawa mtutu, mti wa pori ukawa kitako. Vizazi vilipita, na gobore likaanza kuitwa silaha ya jadi.

Neno hilo silipokei kirahisi. Jadi ya Waha katika silaha ni mkuki na upinde. Gobore lilikuwa kile kilichoachwa baada ya kila kitu kingine kukatazwa, na watu wakalipenda kwa sababu mtu hupenda kilicho mkononi mwake. Mabaki ya katazo yakikaa miaka mia, wajukuu huyaona kama urithi.

Ndiyo maana ninaposoma habari za ubishi wa darubini katika nchi za mbali siucheki. Kanada alikuwepo mlengaji mmoja, George Farquharson, ambaye umri ulipoufanya mtindo wa zamani kuwa mgumu kwake hakutaka kuacha uwanja. Akashikilia wazo kwamba bunduki yenye darubini na kiegemeo ipewe nafasi kando ya zile za kitundu. Walikuwepo waliosema huo ndio mwisho wa mchezo. Haukuwa mwisho. Ikazaliwa daraja ya pekee, na kwa heshima yake ikaitwa F-Class. Watu wake hulala chini katika mstari uleule na wenzao, wanapambana na upepo uleule, lakini alama zao huhesabiwa mbali, na katikati ya shabaha yao pamefanywa padogo zaidi kwa kuwa chombo kinawasaidia. Mashindano ya dunia ya daraja hiyo yalifanyika Kanada mwaka 2002, na mwaka 2005 yakaja Afrika, Bloemfontein. Wamarekani walikwenda njia nyingine. Mwaka 2016 waliruhusu darubini ya kukuza hadi mara nne na nusu katika mashindano ya bunduki za jeshi, kwa hoja kwamba jeshi lenyewe limekwisha kuhamia huko na mashindano hayo yalikusudiwa kufuata jeshi. Katika Olimpiki bunduki za kulenga shabaha zimebaki na kitundu.

Mimi naona Wakanada waliamua kwa hekima kuliko wote. Hawakumwambia mzee aende nyumbani, wala hawakumnyima kijana fahari ya jicho lake. Lakini ninachokionea wivu hasa ni mambo yaliyotangulia uamuzi: walikaa, wakabishana, wakaamua katika vyama vyao, na kila aliyeguswa na kanuni alikuwa na mdomo katika kuitunga.

Kuna jambo jingine linaniuma. Tangu 1971 ipo kamati ya kimataifa ya walengaji wa bunduki za kushindilia, MLAIC, nayo ina mashindano ya dunia. Darubini haina nafasi humo, kila kitu lazima kifuate hali ya asili. Mojawapo ya mashindano yao, Miquelet, ni ya gumegume la kijeshi la mtutu laini, kwa mita 50. Ni bunduki ileile iliyotupwa kwa meli kuja Zanzibar, ileile waliyobeba walinzi wa Stanley walipokuwa wananyata Buha. Huko inapanguswa kwa kitambaa laini na kutolewa medali. Huku Kigoma, picha tunayoiona mara kwa mara ni magobore yamepangwa juu ya turubai mbele ya waandishi wa habari, pembeni mwa bunduki za kivita, na wenyewe wanangoja mahakama. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 haina mzaha na anayetengeneza au kumiliki bila leseni, na siiombei izembee. Gobore limeua tembo, limeua na watu.

Bunduki hizo za kivita zina historia yake hapa, fupi na nzito. Vita vya Burundi, hasa baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, vilileta mamia ya maelfu ya wakimbizi Kibondo na Kasulu. Majina ya Mtabila, Muyovosi, Nduta, Kanembwa na Mtendeli yakajulikana duniani kama majina ya kambi. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na bado ipo. Wengi mno walikuja na watoto na sufuria tu. Wachache walikuja na bunduki, na hao wachache walitosha kuifanya barabara ya Kasulu hadi Kibondo kuwa ya kupita kwa msafara na polisi. Mha aliyenyimwa mtutu wenye mifereji kwa miaka mia moja alikutana nao umemwelekea usoni, njiani akitoka mnadani.

Mtabila ilifungwa kama kambi ya wakimbizi mwaka 2012. Siku hizi pana kikosi cha JKT, kama kilivyopo Kanembwa upande wa Kakonko. Kila mwaka vijana wanaletwa kutoka mikoa yote, wananyolewa, wanakimbizwa, na siku yao ikifika wanapelekwa uwanjani kulenga shabaha. Mtutu una mifereji. Darubini hakuna, ni mfuo wa nyuma na ujiti wa mbele. Kuruta hulala kifudifudi kwenye udongo mwekundu, anafumba jicho moja, na kwa kawaida kosa lake la kwanza ni kuikodolea macho karatasi iliyo mbali hadi ujiti unamtoweka. Mkufunzi anachuchumaa kando yake na kumwambia aiache ile karatasi iwe na ukungu, aukazie macho ujiti, atoe pumzi nusu, avute polepole.